Miche Ambayo Kazi Yake ni Kuugua

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi Laeken, mjini Brussels, ndani ya nyumba ya vioo, huniuliza kama nilikuwa mtumishi wa mfalme. Hapana. Vioo vya mfalme ni vile vikubwa vinavyofunguliwa kila majira ya kuchipua, watu wakapanga foleni na watoto wao kutazama maua. Vyetu vilikuwa nyuma ya majengo ya ghorofa, ng'ambo ya uwanja wa kuegesha magari, na hakuna aliyewahi kupanga foleni. Ukipita na tramu usingejua kwamba mle ndani mlikuwa na joto la Beni, kwetu Kongo, na kwamba ndani ya joto hilo mlikuwa na miti ya kakao na mwanamke mmoja mwenye koti jeupe, amekunja uso.

Mwanamke huyo ni mimi. Nilianza pale katikati ya miaka ya elfu mbili, nikiwa na cheti cha kilimo kutoka Butembo ambacho wakubwa wa Brussels walichukua muda mrefu kukikubali, na nilikaa miaka kumi hivi. Uso niliukunja tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimekimbia vita, nikafika kwenye mji ambao kakao inauzwa kila kona ikiwa imefungwa kwa utepe, halafu kazi niliyopata ikawa kuchunga mti ule ule ambao mama yangu alikuwa nao nyuma ya jiko lake. Niliona naonewa.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa nililia nini baadaye. Mbegu ya kakao haina subira. Mahindi unaweza kuyakausha, ukayaweka kwenye baridi kali, na mjukuu wako akayapanda. Kakao ukiikausha imekufa, ukiigandisha imekufa. Kwa hiyo aina zake hutunzwa zikiwa hai, miti imesimama ardhini, na mti wa porini ukiangushwa kabla hujachukua kijiti chake, hutaupata tena. Na hiyo miti ya porini inahitajika. Kakao ya mashambani, ukizunguka dunia nzima, ni watoto wa koo chache tu, wanafanana mno, na ugonjwa ukipata njia ya kumwangusha mmoja umewapata wote. Ndiyo maana wako watu wachache wanaopanda mito ya Amerika Kusini, ambako kakao ilizaliwa, wakitafuta miti isiyopandwa na mtu, wakikata vijiti vyenye macho ya kuchipua, wakavituma kwenye vituo vya nchi nyingine vipate kutunzwa.

Lakini kijiti hakitumwi moja kwa moja, kwa sababu ugonjwa nao hupenda kusafiri. Kinapita kwanza karantini, kwenye nchi ambayo kakao haioti, ili ugonjwa ukichoropoka usikute cha kula. Ubelgiji inafaa sana kwa hilo. Huko nje kwenye mvua ya Laeken hakuna mkakao hata mmoja wa kuambukizwa.

Kijiti kikifika, tulikata jicho lake tukalibebesha kwenye shina safi, na likishika likawa mti mdogo tuliouita mgeni. Mgeni akishakua, tulichukua macho yake tukayabebesha kwenye miche mingine midogo, ya aina dhaifu, ambayo ugonjwa ukiigusa tu inaonyesha. Mgeni mwenyewe anaweza kubeba virusi miaka mingi na akaonekana mzima kabisa. Miche ile haiwezi kuficha. Kazi yake duniani ni kuugua kwa niaba ya mwingine. Tuliikagua miaka miwili, na kila ilipotoa majani mapya, yale mekundu laini yanayoning'inia kabla hayajakomaa, nilikuwa naligeuza jani moja moja kwenye mwanga. Majani yakiwa safi miaka miwili, mgeni alipewa ruhusa ya kusafiri. Jani moja likionyesha mistari, mgeni alichomwa moto pamoja na miche yake.

Jumapili nilikuwa nasali kwenye kanisa la Wakongo pale Saint-Josse, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Wakina maman wa pale walinichukulia kwa utani. Mwanzoni walidhani natengeneza chokoleti, na kila kulipokuwa na harusi nilitumiwa ujumbe wa kuulizia bei. Nilipowaeleza kwamba mahali petu hakuna chokoleti, kuna majani tu, maman mmoja aliyekuwa msimamizi wa jiko alicheka mpaka akashika ukuta.

“Mais ma sœur, dada yangu,” akasema, “kakao tuliiachaka kwetu. Weye unaikuta huku? Si ungebakia nayo tu kule?”

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nikarudi Evere kwa basi, nikafungua mlango wa chumba changu, nikapasha moto sombe ya jana, majani ya muhogo. Nilikuwa mpweke, sina sababu ya kulizungusha. Nilikuja Brussels peke yangu na nilizoea kusema kwamba nimezoea. Wiki nyingine nilifika Ijumaa na kugundua kwamba maneno yote niliyoyasema yalikuwa ya kazini, tena mengi nimeiambia miche, tena kwa kuikaripia.

Mgeni ninayetaka kusimulia habari zake alitoka Guyana ya Wafaransa, na alifika ndani ya bahasha: vijiti vitatu vya urefu wa kalamu, vimefungwa kwenye karatasi lililolowa. Viwili vilikuwa vimeoza. Cha tatu nilikikata mwenyewe, na macho yake yote yakakauka isipokuwa moja. Hilo moja lilishika.

Aliyevituma alikuwa mtafiti wa huko, mtu wa kupanda mito kwa mtumbwi wa injini na kulala msituni wiki nzima. Alipiga simu kuuliza kama vimefika salama, mkuu wetu hakuwepo, nikapokea mimi. Nikamwambia ukweli, kwamba limeshika jicho moja tu. Akaniomba nimtunzie vizuri, maana yeye alikuwa amebaki mikono mitupu. Mche aliojaribu kuukuza kwenye kituo chake ulikuwa umeliwa na ugonjwa ambao huko wanauita ufagio wa mchawi. Alirudi mtoni kwenye mti mama kukata vijiti vingine, akakuta wachimba dhahabu wamepita. Ukingo wote ulikuwa umepinduliwa, maji yamekuwa matope, na pale uliposimama mti palikuwa na shimo lenye pampu.

Sikuhitaji kuelezwa. Wachimba dhahabu nawajua, kwetu wamepindua mito mingi, na mashimo yale nimeyaona. Nikamwambia hivyo. Akauliza kwetu ni wapi. Mazungumzo yakachukua muda mrefu kuliko yalivyostahili, kwa Kifaransa chake cha Guyana na changu cha kwetu Kivu.

Kuanzia hapo alipiga kila Ijumaa, kwangu ikiwa mchana na kwake ndiyo kwanza asubuhi. Alikuwa anauliza habari za mti, na mimi nilimpa: umetoa majani mapya, umefika kiunoni, nimeuhamishia kwenye chungu kikubwa. Habari za mti huisha haraka, basi tukazungumza mengine. Alikuwa ameachana na mke wake, binti yake alikuwa anasoma Ufaransa na hakupiga simu. Alinieleza jinsi mvua inavyosikika ikiwa bado iko mbali juu ya msitu. Mimi nilimweleza Evere, jirani yangu wa juu anayesogeza viti, na tramu inayonipita kila nikiikimbilia. Hatukuwahi kuonana, wala kutumiana picha. Sisemi kwamba palikuwa na jambo. Nasema tu kwamba Alhamisi jioni nilikuwa nafurahi.

Mti ulikua ukawa mbishi. Shina lake lilipinda kwenda upande wa dirisha hata nilipokizungusha chungu, na majani yake yalikuwa membamba kuliko ya wenzake. Nilikuwa naupita nikiusonya kama mtoto wa dada anayekaa kwako bila kusaidia kazi. Lakini wa kwanza kumwagiliwa ulikuwa huo. Muda wake wa karantini ulipobaki miezi mitatu tu, vituo viwili vilikuwa tayari vimeomba vijiti vyake, kimoja kikiwa Afrika.

Ilikuwa mwezi wa nane, Ijumaa asubuhi. Mji ulikuwa mtupu, nusu ya watu wamekwenda baharini, na mkuu wetu alikuwa likizo hadi Jumatatu. Miche mitatu iliyobeba macho ya mgeni wa Guyana ilikuwa imetoa majani mapya. Miwili ilikuwa safi. Wa tatu, kwenye jani la pili kutoka juu, ulikuwa na mistari myekundu inayofuata mishipa, myembamba, halafu karibu na ncha umanjano uliotawanyika kama makombo. Niligeuza jani. Nikalitazama kwa kioo cha kukuzia. Nikatoka nje, nikavuta hewa, nikarudi, na mistari ilikuwa palepale.

Kung'oa mche ule lingekuwa jambo la dakika moja. Miche ile hufa mara kwa mara kwa sababu zake, na mtu huandika tu kwamba umenyauka na kubebesha mwingine. Hakuna ambaye angeniuliza. Mche mpya pengine usingeonyesha kitu hadi miezi mitatu iishe, na mti wangu ungepewa ruhusa, vijiti vyake vingekwenda, na duniani kungekuwa na miti mingi ya ukoo ule badala ya mmoja. Nililiwaza hili nimesimama, mkono uko kwenye shina la mche. Nililitaka sana.

Alipopiga simu mchana, nilimwambia mti haujambo. Kweli mti wenyewe ulikuwa mzima, ulikuwa unang'aa. Akasema mvua zimeanza kupungua, akaniuliza kama nimekula. Nilisema nina kazi nyingi nikakata.

Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia neno hata moja la mahubiri. Baada ya ibada nilikaa na wakina maman, tukala, na maman wa jikoni akaniuliza juu ya nini nimenyong'onyea. Nikaanza kusema, nikaona sina pa kuanzia. Nianze na mto wa Guyana? Na virusi? Katika mji mzima wenye kakao dukani, tramuni, mikononi mwa watoto, hapakuwa na mtu mmoja ambaye ningemwambia mti unataka kufa akaelewa ni mti gani. Nikasema kichwa kinauma. Akanifungia chakula cha kwenda nacho.

Nilipofika nyumbani nikanunua kadi ya simu kwa Mpakistani wa duka la pembeni na kumpigia mama. Mama yangu alikuwa bado shambani kwake karibu na Beni, amekataa kuhama licha ya yote, na laini ilikuwa inakatikakatika. Nilimwambia juu ya mti. Nikamwambia ni wa mwisho, mwenzake hayupo, na kwamba ni mimi peke yangu ninayejua.

“Ikiwa unaituma,” akauliza, “inaenda kwa batu bengine?”

Nikasema ndiyo, inakwenda kwa watu wengine, na kimoja cha vituo kiko Afrika.

“Wakati ugonjwa iliingia mu bitoke, nilikata yote,” akasema. “Hata ile ya mama yangu. Haukuwa huku, haukuona.”

Sikuwa huko, kweli. Nilikuwa nimesikia tu kwamba ugonjwa wa migomba umepita Kivu, migomba inatoa usaha wa njano ikikatwa, na serikali inaambia watu waing'oe. Sikujua kwamba ile ya bibi, yenye ndizi fupi nene ambazo sijaziona sokoni popote, nayo ilikwenda. Nilimuuliza kama alibakiza hata kichipukizi. Akasema kichipukizi ndicho kinachobeba ugonjwa kwa jirani, angekibakiza namna gani. Kisha akasema kwa mwezi mzima hakupita upande ule wa shamba.

“Juu ya nini?” nikamuuliza sababu.

“Jua ilikuwa kali sana pale,” akasema. “Kivuli haikuwa tena.”

Akaniuliza kama kuna baridi. Nikamwambia ni mwezi wa nane, mama, hakuna baridi. Akasema nivae vizuri hata hivyo.

Jumatatu nilimsubiri mkuu wetu mlangoni. Alikuwa Mflamandi mrefu wa kaskazini mwa Ubelgiji, mama wa maneno machache, na ngozi yake ilikuwa nyekundu kwa jua la baharini. Nikampeleka kwenye mche. Alitazama jani muda mrefu, akavua miwani, akasema kwa Kifaransa neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema kabla wala baada. Hakuniuliza niliona lini. Tulikata kipande cha jani tukakipeleka maabara, na majibu yalipokuja yalisema virusi vipo kwenye mche na kwenye mti mwenyewe. Alihangaika, sitamnyima hilo. Aliulizia mahali ambapo watu walikuwa wanajaribu kusafisha mimea kwenye chupa, akajibiwa kwamba kakao yenye virusi vile hawaipokei, hawajui bado kuisafisha. Alikausha majani kadhaa ya mti ili siku moja wataalamu wasome nasaba yake. Hiyo ni kazi nzuri, lakini jani kavu halichipui.

Nikaomba niuchome mwenyewe. Alikubali bila kunitazama. Niliukatakata kwa mkasi, vipande vikaingia kwenye mifuko, nikakung'uta udongo kwenye mizizi na udongo nao ukaingia mfukoni, kisha nikausukuma kwa kitoroli hadi kwenye tanuru lililokuwa nyuma ya jengo. Mti wenye unyevu hauwaki mara moja. Nililia kwa hasira kama mtu aliyeibiwa, mchana kweupe, na mtu wa kuegesha magari akageuza uso kwa adabu. Kwetu mtu akifa watu huja wakakaa, hata wasiposema kitu. Mimi nilirudi ndani, nikaosha meza kwa dawa, nikabadilisha koti, nikaendelea na wageni wengine, maana walikuwa hawajamwagiliwa.

Mkuu alisema atamwandikia yule mtafiti. Nikamwambia asiandike, nitamwambia mimi.

Nilimpigia Ijumaa, mimi wa kwanza, kabla yeye hajapiga. Nadhani alijua nilipomsalimia. Nilimweleza yote kwa mpangilio kama nilivyofundishwa shuleni: mche, jani, maabara, tanuru. Hakusema kwamba si kosa langu, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu wanaosema hivyo huwa wanataka umalize kulia. Nilisikia kuku upande wake, na mtu anapiga kitu cha bati.

Kisha akauliza kama mti uliwahi kuchanua.

Nikamwambia ndiyo, mara moja, mwanzoni mwa kiangazi. Maua ya wageni tulikuwa tunayakwanyua asubuhi ili wasipoteze nguvu, lakini hilo nililiacha, likaanguka lenyewe siku iliyofuata.

“Nielezee,” akasema.

Nikamweleza. Lilikuwa dogo, kiasi cha kifungo cha shati, limetoka moja kwa moja kwenye shina, chini sana, ilibidi nipige magoti. Petali zake nyeupe, na ndani ya kila moja mistari ya zambarau iliyokoza, karibu myeusi, iliyokolea kuliko ya kakao yoyote niliyopata kuiona. Lilikuwa limeinamia chini, sikuweza kuliona vizuri hadi nilipoweka kioo cha mfukoni chini yake. Halikuwa na harufu.

Akaniomba nirudie kuhusu mistari. Nikarudia.

“Mimi niliukuta na tunda moja tu,” akasema. “Kijani, limekwaruzika, kima wamelitoboa. Ua lake sikuwahi kuliona.”

“Na mimi sikuliona tunda.”

“Basi,” akasema.

Alinishukuru, nikamshukuru. Akaniambia nijitunze, akasema jina langu mwishoni kama alivyozoea. Ijumaa iliyofuata nilikunywa chai karibu na simu, na haikulia, na mimi sikuinua. Hatukuwa tena na mti wa kuulizana habari zake.